Fahamu: Tiba ya mbali kwa wagonjwa wa neva Lubumbashi
Tiba ya mbali, yaani kumhudumia mgonjwa kwa simu au intaneti, ina umuhimu wa pekee katika mkoa wa Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako mgonjwa wa kifafa anayeishi Pweto au Kasenga hulazimika kusafiri safari ndefu hadi Lubumbashi ili kumwona daktari bingwa. Maradhi ya neva, yaani ya ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu, yanaifaa njia hii kwa sababu utambuzi wake hutegemea sana kile kinachosimuliwa na kuonekana: video ya simu inayoonyesha jinsi kifafa kilivyomshika mtu, macho yakiwa wazi au yamefumbwa, mkono upi ukitangulia kutetemeka, humsaidia daktari zaidi kuliko masimulizi ya wiki moja baadaye. Hata hivyo, kinyundo cha kupimia mwitiko wa goti kinahitaji mkono wa muuguzi aliyefunzwa, naye lazima awe kando ya mgonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Lakini kituo cha afya kisicho na fenobabito, dawa ya kifafa, wala umeme wa uhakika kitapokea ushauri mzuri ambao hakiwezi kuutekeleza.