Mutwanga chini ya Rwenzori: Historia ya Kijiji cha Mapumziko na Majina ya Njia Yake

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya Mutwanga, kijiji kilicho chini ya mteremko wa magharibi wa mlima Rwenzori, katika wilaya ya Beni, jimbo la Kivu ya Kaskazini. Msafiri atokaye Bunia hupitia Komanda, Luna, Eringeti na Oicha hadi Beni mjini. Kutoka hapo hushika barabara ya Kasindi, iendayo mpakani mwa Uganda, kisha huiacha ili kuelekea mlimani. Kati ya Beni na Mutwanga pana takriban kilometa 45.

Huenda msomaji wa Bunia akauliza kwa nini hatukuchagua Mlima Hoyo, ulio katika wilaya ya Irumu, wenye mapango na maporomoko ya maji, na ambao ulifanywa hifadhi mwaka 1947. Mlima huo unastahili makala yake peke yake. Mutwanga imechaguliwa kwa sababu moja: kutoka kijijini hapo inaanza njia ya miguu ipandayo hadi kwenye barafu, na kila kituo cha njia hiyo kina jina. Majina hayo yakisomwa kwa mpangilio, kutoka chini hadi juu, yanatueleza ni nani aliyeutumia mlima, na kwa shughuli gani. Historia ya matembezi ya mlimani imezoea kuandikwa kwa kuhesabu vilele na watu waliovifikia. Sisi tutajaribu kuisoma kwa kuanzia kijijini.

2. Mlima ulioonekana kutoka Ituri

Habari za Rwenzori katika vitabu vya Ulaya zinaanzia upande wetu huu. Mwaka 1888 msafara wa Henry Morton Stanley ulikuwa umevuka msitu wa Ituri na kufika kwenye nchi ya juu inayolitazama Ziwa Albert. Mwezi wa Aprili wasaidizi wake wawili, Parke na Jephson, waliuona mlima mweupe kwa mbali. Tarehe 24 Mei Stanley mwenyewe akauona. Ameandika kwamba kijana aliyekuwa naye alimwonyesha mlima ule akisema kwamba umefunikwa na chumvi.

Jambo hilo linamhusu mwanaisimu. Wapagazi wengi wa msafara ule walitoka Zanzibar, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kambi. Kiswahili kilikuwa na maneno mawili yaliyotoka ng'ambo, yaani “theluji”, lenye asili ya Kiarabu, na “barafu”, lenye asili ya Kiajemi. Lakini neno halimsaidii mtu asiyewahi kukiona kitu chenyewe. Kumbe chini ya mlima walikuwapo watu waliokuwa na neno lao tangu zamani. Wanande wa upande wa Kongo, na ndugu zao Wakonzo wa upande wa Uganda, huita theluji “nzururu”, na mlima wakauita Rwenzururu, maana yake mahali penye theluji. Jina Rwenzori lililoenea duniani linahusishwa na jina hilo.

Mwaka 1889, msafara ulipokuwa ukirudi pwani kupitia bonde la Semliki, Luteni Stairs alijaribu kuupanda mlima, akafika zaidi ya mita 3,200. Mwaka 1891 Mjerumani Franz Stuhlmann alipanda kwa bonde la mto Butahu hadi mita 4,000 hivi, akaeleza jinsi mimea inavyobadilika kwa kadiri ya kimo. Bonde hilo la Butahu ndilo linaloelekea Mutwanga. Kwa hiyo njia ya upande wa Kongo ilijaribiwa miaka kumi na mitano kabla ya kilele kufikiwa.

Kilele chenyewe kilifikiwa kutoka upande wa Uganda. Tarehe 18 Juni 1906 Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi, alisimama juu ya Margherita, chenye mita 5,109, akiwa na waongozaji wa milima kutoka kwao. Kilele hicho ni cha tatu kwa urefu katika Afrika, na mpaka wa Kongo na Uganda unapita juu yake.

3. Kijiji, hifadhi na hoteli

Mambo mawili ndiyo yaliyokifanya kijiji cha Wanande kuwa mahali pa mapumziko ya wageni.

La kwanza ni hifadhi. Mwaka 1925 serikali ya Ubelgiji ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya Albert, iliyokuwa ya kwanza ya aina hiyo katika Afrika. Hapo mwanzo ililinda milima ya volkeno ya kusini. Baadaye ilipanuliwa hata ikauchukua mteremko wa magharibi wa Rwenzori. Kituo cha walinzi kikawekwa Mutsora, karibu na Mutwanga. Tangu hapo, mwenyeji aliyezoea kupanda mlimani kuwinda, kukata mianzi au kupeleka matambiko alikuta mpaka mbele yake, hali mgeni mwenye kibali aliweza kuuvuka. Mwaka 1969 hifadhi hiyo ilipewa jina la Virunga, na mwaka 1979 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

La pili ni njia. Mwaka 1932 ujumbe wa wataalamu wa Kibelgiji, chini ya uongozi wa Xavier de Grunne, uliuchunguza mlima kutoka upande wa magharibi na kupanda hadi kwenye vilele. Vibanda vya kulala vilijengwa mmoja baada ya mwingine kwenye bonde la Butahu, na kijijini ikajengwa hoteli iliyochukua jina la mlima. Wenye mashamba ya kahawa, watumishi wa serikali na wasafiri kutoka Ulaya walikuja kupumzika kwenye hewa baridi. Wengi hawakwenda juu: walitembea mtoni na kwenye vijia vya karibu, wakangoja mawingu yafunguke asubuhi ili waone weupe wa juu. Wachache walipanda, na kila aliyepanda aliwahitaji watu wa kijiji wa kumchukulia mizigo, kumkatia kuni na kumwonyesha njia.

Ndipo maana ya kijiji cha mapumziko inapodhihirika. Mtumishi wa Bunia akiwa likizoni husema yuko “konje”, neno tulilolipokea kutoka Kifaransa. Lakini konje ya mmoja ni siku za kazi za mwingine. Mapumziko ya Mutwanga yalibebwa mgongoni.

4. Njia ya Butahu

Safari ya kawaida kutoka Mutwanga hadi ukingoni mwa barafu na kurudi huchukua siku tano au sita. Miezi inayofaa zaidi ni ile yenye mvua chache, yaani kutoka mwisho wa Desemba hadi Februari, na kutoka Juni hadi Agosti. Hata hivyo, Rwenzori hakuna mwezi usio na mvua. Viatu virefu vya mpira hufaa kuliko viatu vya ngozi vya bei kubwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya njia ni matope na mizizi.

Siku ya kwanza msafiri huandikishwa Mutsora, hupewa mlinzi na wapagazi, kisha hupita mashamba na kuingia msituni hadi kibanda cha Kalonge, penye mita 2,100 hivi. Siku ya pili hupita mianzi na kuingia katika msitu wa erika, miti iliyovaa kuvumwani kiasi kwamba shina halionekani. Hulala Mahangu, kwenye mita 3,300 hivi. Siku ya tatu msitu hukoma. Hapo huanza senesio na lobelia, mimea ambayo jamaa zake kwingineko ni majani madogo tu, lakini hapa husimama kupita kimo cha mtu. Kibanda cha Kiondo kiko juu ya mita 4,200. Juu yake kipo kilele cha Wusuwameso, chenye mita 4,600 hivi, ambako mtu asiye na kamba wala vyuma vya barafu huweza kufika. Kutoka huko huonekana maziwa ya mlimani na, mawingu yakiruhusu, barafu ya Stanley. Kituo cha mwisho huitwa Moraine, na mbele yake hupita wenye ujuzi wa barafu tu.

5. Majina kutoka chini hadi juu

Tukiyapanga majina hayo tunapata tabaka tatu, kama zile za mimea.

Tabaka la chini ni la majina ya wenyeji: Mutwanga, Mutsora, Butahu, Kalonge, Mahangu, Kiondo. Hizo ni sehemu ambako wapagazi walitua mizigo, walipika na kulala. Mtu anayelala mahali hahitaji ramani ili ajue panaitwaje, na mgeni hakuwa na budi kuliuliza jina kwao.

Tabaka la kati ni la majina ya Kifaransa yanayoeleza kitu kinachoonekana: Ziwa Jeusi, Ziwa la Kijani, Ziwa la Kijivu, Ziwa Jeupe, na Moraine, yaani mawe yaliyosukumwa na barafu. Hayo ni majina ya mtaalamu apitaye na daftari.

Tabaka la juu ni la watu: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi, Luigi di Savoia, na juu ya Stanley, malkia wawili, Margherita wa Italia na Alexandra wa Uingereza. Hakuna hata mmoja kati ya malkia hao aliyewahi kuukaribia mlima.

Tusiharakishe kudai kwamba wenyeji hawakukujua huko juu. Wusuwameso ni jina lililobaki juu ya vibanda vyote tulivyovitaja isipokuwa ukingo wa barafu, na jina la mlima mzima limetokana na theluji yenyewe. Tena katika imani ya Wakonzo na Wanande, huko juu ni makao ya Kitasamba, mwenye mlima. Mahali panapoheshimiwa kwa kutokanyagwa si mahali pasipojulikana. Kwa hiyo majina ya tabaka la juu hayakujaza utupu. Yaliwekwa mahali ambapo adabu ya wenyeji ilikuwa imenyamaza.

6. Vita na barafu

Kijiji cha mapumziko kinaishi kwa amani, na Mutwanga imeikosa mara nyingi. Maasi ya Simba ya mwaka 1964 yalivunja utalii wa kikoloni. Katika miaka ya 1970 na 1980 wageni walirudi, lakini katikati ya miaka ya 1990 waasi wa ADF walifanya Rwenzori maficho yao, na mwaka 1996 vita vikubwa vikaanza nchini. Tayari mwaka 1994 UNESCO ilikuwa imeiweka Virunga katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Upande wa pili wa mlima unatupa ulinganisho. Mwaka 1987 wenyeji wa Nyakalengija, Uganda, walianzisha shirika lao la kuwaongoza wapandaji, na mwaka 1991 serikali ikafanya hifadhi ya taifa. Vita vya ADF viliifunga hifadhi hiyo mwaka 1997, lakini ilipofunguliwa mwaka 2001 wapagazi na waongozaji walikuwa bado na shirika la kurudia. Mutwanga haikuwa na chombo kama hicho. Hoteli ilipofungwa, kazi ilifungwa nayo.

Juhudi za karibuni zimefuata njia nyingine. Mwaka 2013 mtambo mdogo wa umeme wa maji, wenye kilowati 400 hivi, uliwashwa Mutwanga kwa maji yashukayo mlimani, na kikafuata kiwanda cha sabuni kinachotumia mafuta ya mawese. Baadaye ikaanza kazi ya kutengeneza chokoleti kwa kakao ya wakulima. Lakini mauaji yaliyoanza Beni mwaka 2014 yalifika sekta ya Rwenzori, hasa mwisho wa 2020 na mwaka 2021, na familia nyingi zilikimbia. Kati yake ulipita ugonjwa wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri.

Wakati huo huo mlima wenyewe umebadilika. Mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilikadiriwa kuwa kilometa za mraba 6.5; mwaka 2003 haikufika hata kilometa moja ya mraba. Kwa watu walioupa mlima jina la theluji, hasara hiyo haimo katika mandhari peke yake.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba Mutwanga ilifanywa kijiji cha mapumziko na hifadhi na njia, ikadumishwa na kazi ya wapagazi, na ikaangushwa kila mara na vita. Tumeona pia kwamba majina ya njia yanahifadhi sehemu ya historia ambayo orodha ya wapandaji haiitaji.

Basi ipo kazi inayotungoja sisi tunaofundisha na kusoma lugha. Kati ya Kalonge na Mahangu, na kati ya Mahangu na Kiondo, mpagazi ana mahali pa kupumzika, pa kuteka maji na pa kujikinga na mvua. Majina ya sehemu hizo ndogo hayamo katika ramani zinazouzwa kwa wageni. Yamo katika vinywa vya wazee waliobeba mizigo katika miaka ya 1970 na 1980. Wazee hao wamezeeka, na vita vimewatawanya, baadhi yao hadi Beni, Butembo na hapa Bunia. Kuwatafuta hakuhitaji kungoja njia ya Mutwanga ifunguke. Mwanafunzi anayejua Kinande na Kiswahili, mwenye daftari na subira, anaweza kuianza kazi hiyo katika mtaa anaokaa.