Kumbukumbu za Askari Walioondoka Mombasa Mwaka 1944

Mwanzoni mwa Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iling'oa nanga Mombasa kuelekea Colombo, katika nchi iitwayo leo Sri Lanka. Ilibeba watu zaidi ya 1,500: mabaharia, wauguzi wa kike na, wengi kuliko wote, askari wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa topido. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi, na watu wapatao 1,300 wakapoteza maisha.

Aliyefia baharini hana kaburi. Askari hao wa mizinga wanakumbukwa katika Mnara wa Ukumbusho wa Afrika Mashariki, uliomo ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi. Lakini jiwe hutunza jina tu; halitunzi sauti. Sauti hubaki katika barua, picha na kitabu cha mshahara vilivyohifadhiwa sandukuni na jamaa. Kwa kuwa Kiswahili kilikuwa lugha ya amri jeshini, na pia lugha ya gazeti la askari lililoitwa Heshima, barua za namna hiyo ni ushahidi wa jinsi watu wa kawaida walivyoiandika lugha hii. Hata yale yasiyosemwa yana maana, kwani barua zilipitia kwanza mikononi mwa wakaguzi.

Jambo hili linaihusu Kongo pia: hospitali ya kijeshi kutoka Kongo iliwahudumia majeruhi wa Afrika Mashariki huko Burma.

Vitu hivyo huharibika kwa sababu zinazojulikana. Mwanga hufifisha wino, unyevu huleta ukungu, pini hushika kutu, na mkanda wa gundi huacha doa lisilotoka. Inafaa basi karatasi iwekwe pakavu, gizani, mbali na mchwa, bila pini wala gundi. Medali isisuguliwe, maana kila msuguo huondoa sehemu ya maandishi yake.

Lililo kubwa zaidi ni maelezo. Nyuma ya picha yaandikwe kwa penseli, taratibu, jina la askari, kijiji chake na jina la aliyeitunza. Picha isiyo na jina, baada ya kizazi kimoja, huwa ya mtu asiyejulikana. Na aliyezama bila kaburi huwa amepotea mara ya pili.