Huyu Mbwa ni wa Nani?



Tukikutana tunazungumza juu ya mbuzi wa maziwa, kuku, mikopo na matangi ya maji. Mbwa hatumtaji, na hali karibu kila boma lina mmoja au wawili. Tunamtupia ukoko wa ugali jioni, analinda usiku, basi tunaona hesabu imeisha. Hebu leo tumzungumzie.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kutembelea kikundi kimoja cha akina mama. Tulipaswa kukagua daftari la mikopo. Mwenyekiti akaniambia hakuna hesabu siku hiyo, kwa kuwa mtoto wa mwanachama mmoja amefariki, kijana wa miaka tisa. Alikuwa ameumwa mguuni na mbwa mdogo akitoka mtoni. Kidonda kilikuwa kama ukucha. Nyanya yake alipaka mafuta ya taa na majani, kikakauka. Miezi miwili baadaye mtoto akaanza homa, akakataa maji, na hata upepo ukimpiga alishtuka. Alipofikishwa hospitalini madaktari hawakuwa na la kufanya.

Nikauliza, "Huyo mbwa alikuwa wa nani?" Kila mtu akamwangalia mwenzake. Mbwa yule alikula katika maboma matatu, akalala katika la nne, na hakuna aliyekubali kuwa ni wake.

Na mimi sina la kujivunia. Nilikuwa nimepita boma lile siku chache tu baada ya mtoto kuumwa. Nilikiona kile kidonda, nikaambiwa ni mbwa, nikasema pole, nikaendelea na habari za mikopo. Wakati ule mtoto bado angeweza kuokolewa. Ndiyo sababu ninaandika haya.

KICHAA CHA MBWA NI NINI?

Ni ugonjwa unaoletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Si uchawi, si laana, wala hausababishwi na mbwa kula pilipili au kukaa juani. Virusi huingia kwa kuumwa, kukwaruzwa, au mate yakigusa kidonda. Hutembea polepole katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu, lakini inaweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini kabla ya dalili, ugonjwa unazuilika kabisa. Nafasi ya kuokoa mtu ni hiyo hapo katikati.

Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa duniani, 99 kati ya 100, wameambukizwa na mbwa. Na katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, anacheza na mbwa, na mara nyingi akiumwa anaogopa kusema nyumbani.

Mbwa mwenye kichaa hubadilika tabia. Aliyekuwa mpole anakuwa mkali, aliyekuwa mkali anajificha gizani. Anauma mawe na vijiti, sauti inageuka, mate yanamtoka. Mwingine hana ukali wowote: taya linalegea na anaonekana kana kwamba amekwamwa na mfupa. Huyu ndiye wa hatari zaidi, kwa sababu watu humhurumia na kumtia mkono kinywani wautoe mfupa ambao haupo. Usifanye hivyo kamwe. Na ng'ombe pia: akitokwa mate na kushindwa kumeza, usimtie mkono kabla ya kumwita daktari wa mifugo.

MTU AKIUMWA

1. Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Kama hakuna mfereji, mtu mmoja amimine maji kwa jagi na mwingine aoshe. Hata kipande cha sabuni ya kufulia kinafaa.

2. Usipake mafuta ya taa, pilipili, kinyesi cha ng'ombe wala majani. Usifunge kidonda kwa kukikaza.

3. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu. Chanjo hudungwa kwa awamu, siku mbalimbali ambazo mhudumu atakuandikia. Kama kidonda ni kibaya kuna dawa nyingine ya kinga ambayo hudungwa kwenye kidonda chenyewe. Maliza awamu zote. Wengi huacha katikati kwa sababu ya nauli, na hapa ndipo kikundi kinaweza kusaidia.

4. Ukiambiwa dawa hakuna, usirudi nyumbani ukae. Uliza ni hospitali gani inayo, uende huko.

5. Usikimbilie kumuua mbwa kama anaweza kufungwa mahali salama. Mwambie afisa wa mifugo, achunguzwe kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na kichaa katika mate siku aliyouma. Lakini aliyeumwa asingoje hizo siku 10 ndipo aende kutibiwa.

KWA NINI TUCHANJE KILA MWAKA

Kichaa cha mbwa kiliripotiwa Kenya tangu 1912, kwa mbwa mmoja karibu na Nairobi. Ni zaidi ya miaka mia moja sasa. Mwaka 2014 serikali ilizindua mpango wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Tangu 2013 huduma za mifugo ziko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo mlango wa kubisha ni ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe.

Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Chukua kijiji chenye mbwa 60. Ni lazima 42 wachanjwe. Ukichanja wako wawili na jirani asichanje, hujafika. Na mwakani hesabu inaanza upya, kwa sababu wengine wamekufa, wengine wamezaliwa, na kinga ya wale wa zamani imepungua. Mtoto wa mbwa achanjwe akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Weka kadi yake pamoja na kadi za kliniki za watoto, isipotee.

Wengine husema, "Si afadhali tuwaue wote wanaorandaranda?" Imejaribiwa mahali pengi na haikumaliza ugonjwa. Mbwa wakiuawa, wengine huingia kutoka kijiji cha pili kufuata takataka zile zile, na majike waliobaki huzaa. Jike hubeba mimba kama siku 63 tu, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Tena katika kuua ovyo tunawaua hata waliochanjwa, na hao ndio walikuwa ukuta wetu. Njia nzuri ni kuchanja, kuhasi, na kufukia takataka ili mbwa wasio na kwao wasipate chakula.

MAVI YA MBWA SI MBOLEA

Jambo hili watu hulicheka, lakini si la kuchekesha. Mavi ya ng'ombe tunapeleka shambani, basi tunafikiri na ya mbwa ni sawa. Si sawa. Mbwa hula nyama na mizoga, na katika mavi yake mna mayai ya minyoo ambayo huingia kwa binadamu.

Kuna minyoo ya duara. Mayai yake hukaa udongoni wiki mbili au zaidi kabla ya kupata nguvu ya kuambukiza. Kwa hiyo ukiokota mavi mapema, umeyawahi. Mtoto anayecheza mchangani akitia vidole mdomoni humeza mayai hayo, na vijinyoo vinaweza kufika kwenye ini au hata jicho. Kuna safura ya mbwa, ambayo hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu na kuacha mstari unaowasha.

Kibaya zaidi ni tegu mdogo sana wa mbwa. Mtu akimeza mayai yake hufanyiza mfuko wa maji katika ini au mapafu, unaokua polepole kwa miaka mpaka tumbo linavimba. Kule Turkana madaktari wamekuta ugonjwa huu kwa wingi kuliko karibu sehemu nyingine yoyote duniani. Mbwa huupata kwa kula maini na mapafu mabichi ya kondoo, mbuzi au ng'ombe yenye mifuko hiyo. Basi siku ya kuchinja, tusimtupie mbwa matumbo na maini mabichi. Chemsha vizuri, na yenye mifuko ya maji choma au fukia shimo refu ambalo mbwa hawezi kufukua.

Kazi ya kila asubuhi ni hii: chukua koleo au jembe kuukuu, okota mavi uani na njiani, tia katika choo cha shimo. Kama mbwa wako amechafua mbele ya duka au kwa jirani, ni yako pia. Usiyatie shimo la mboji wala kwenye sukuma wiki. Shimo lisiwe karibu na kisima. Kisha nawa mikono kwa sabuni. Kazi hii wasipewe watoto wadogo.

AFYA YA KILA SIKU

Mbwa haombi makubwa. Anataka:

- Maji safi kila siku, hasa akiwa amefungwa. Wengi wanaolia mchana ni kiu.

- Chakula cha kutosha. Ugali mtupu haumtoshi. Ongeza omena, mabaki ya nyama iliyopikwa au maharagwe. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, huvunjika vipande vyenye ncha na kumchoma ndani.

- Dawa ya minyoo. Watoto wa mbwa huanza wakiwa na wiki mbili, kwa sababu huipata kwa mama yao. Mbwa mzima apewe kila miezi mitatu. Kipimo hufuata uzito, kwa hiyo muulize afisa wa mifugo, usikisie.

- Kuondolewa kupe na viroboto. Tazama masikioni, shingoni na katikati ya vidole. Kupe wanaweza kumletea homa mpaka ufizi unakuwa mweupe. Dawa ya kuogesha ng'ombe usimmwagie mbwa bila kuuliza. Iliyo kali inaweza kumuua.

- Mahali pa kulala pakavu, na mnyororo mrefu unaomruhusu kufika kivulini. Mbwa anayefungwa kwa waya na kupigwa kila siku hujifunza kuuma, na wa kwanza kuumwa ni mtoto wako.

Tuwafundishe watoto pia: usimguse mbwa anayekula, anayelala au aliye na watoto, usimkimbie mbwa mgeni, simama wima utulie, na ukiumwa sema, hutapigwa.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kununua chanjo ya mbwa mmoja ni gharama ndogo sana ukilinganisha na sindano na nauli za mtu mmoja aliyeumwa. Haya hayahitaji mfadhili:

Kwanza, nunueni daftari moja. Andikeni kila boma, idadi ya mbwa, na tarehe ya chanjo. Mbwa anayekula katika maboma matatu aandikwe jina la mtu mmoja hapo hapo katika mkutano. Pili, pelekeni hesabu hiyo kwa afisa wa mifugo na kwa chifu, muombe siku ya chanjo. Afisa huja kwa urahisi zaidi akijua atakuta mbwa 60 mahali pamoja kuliko akiitwa kwa mbwa wawili. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na ni wakati mzuri wa kuomba. Tatu, tengeni kiasi kidogo katika mfuko wa dharura kwa nauli ya atakayeumwa.

Kile kikundi cha akina mama kilinunua daftari lake wiki ile ile ya mazishi. Mama wa mtoto ndiye aliyeomba aandike. Safu ya kwanza aliyochora haikuwa ya idadi wala ya tarehe. Aliandika juu yake: "Wa nani?"

MASWALI YA KUJADILI

1. Kijijini kwetu kuna mbwa wangapi? Wangapi wana kadi ya chanjo ya mwaka huu?
2. Mtoto akiumwa leo jioni, tutampeleka wapi, na nauli itatoka wapi?
3. Mavi ya mbwa katika boma langu huishia wapi?
4. Ni mbwa gani hapa ambaye hakuna anayekubali ni wake? Nani atamchukua?