Semina za Biashara ya Fedha za Kigeni: Je, Zafaa Kuhudhuriwa?

Mara nyingi twaulizwa na vijana, na hata na wazee wenye nyumba zao, kama yafaa kwenda katika semina za kufundishwa biashara ya fedha za kigeni, ile iitwayo foreksi. Matangazo yake hutufikia katika simu zetu, nayo husema ya kuwa mtu aweza kupata faida nyingi pasipo kutoka nyumbani mwake. Imetupasa kulijibu swali hili kwa uwazi, maana fedha ipelekwayo huko mara nyingi ni karo ya watoto au akiba ya shamba.

Kwanza twasema kwamba kubadili fedha kwa fedha si dhambi. Mfanya biashara wa Mombasa aagizaye bidhaa kutoka ng'ambo hana budi kununua dola kwa shilingi. Tena soko lenyewe ni kubwa mno: mwezi wa Aprili 2022 Benki ya Malipo ya Kimataifa, iliyoko Basel, ilihesabu kiasi cha dola trilioni 7.5 kwa kila siku moja. Walakini wenyeji wa soko hilo ni mabenki na makampuni makubwa. Mtu mwenye simu yake na dola 100 ni kama mvuvi aingiaye bahari kuu kwa ngalawa wakati wa kusi.

Natufahamu namna kazi hii ilivyo. Dalali humkopesha nguvu mtu aliyeweka dola 100, hata afanye biashara ya dola 10,000. Bei ikienda upande wake sehemu 1 katika 100, fedha yake huwa maradufu. Ikienda kinyume sehemu hiyo hiyo 1, dola zake zote zimekwisha. Na mwendo wa namna hiyo waweza kutokea katika siku chache tu. Zaidi ya hayo, kila anunuapo na kuuza, dalali hujitwalia fungu lake, mtu apate au akose.

Mwaka 2018 mamlaka ya kusimamia masoko ya Ulaya, yenye makao yake Paris, ilieleza habari za watu wa kawaida wanaokisia bei kwa mkopo wa dalali, wakiwamo wa fedha za kigeni. Katika akaunti 100, akaunti 74 hata 89 hupata hasara. Kwa sababu hiyo mamlaka ikaamuru mkopo huo usizidi mara 30 kwa fedha kubwa za dunia. Twaomba kila mwenye nyumba aisome hesabu hiyo mara mbili.

Sasa tumwangalie mwalimu wa semina. Yafaa kumwuliza, kwa adabu, riziki yake yatoka wapi. Wako waishio kwa ada za wanafunzi, na wako walipwao na dalali kwa kila mtu wampelekeaye. Mwalimu wa namna hiyo haumii mwanafunzi wake aangukapo. Wahenga walinena, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu akiwa na ufunguo wa ghala lisilokwisha, mbona azunguke mijini kuuza tiketi za kuutazama?

Wengine hutaja mfano wa talanta, wakidai kwamba asiyethubutu ni mtumwa mlegevu. Lakini talanta zile zilikuwa amana ya bwana, nao watumwa walitolewa hesabu. Karo ya mtoto nayo ni amana.

Basi twawapa vipimo vinne. Kwanza, je, mwalimu hunena habari za hasara kabla ya faida, na kuonyesha hesabu zake za mwaka mzima, wala si picha ya siku moja njema? Pili, je, dalali anayemsifu ana leseni? Katika Kenya ziko kanuni za biashara hii tangu mwaka 2017, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji hutangaza majina ya wenye leseni. Hata hivyo leseni haiondoi hasara. Tatu, je, watu huhimizwa kuweka fedha siku ile ile, au kumkabidhi mwalimu awafanyie biashara kwa ahadi ya faida isiyopungua kila mwezi? Hapo kimbieni. Nne, je, mafunzo hayo hayapatikani bure? Madalali wengi hutoa akaunti ya majaribio isiyo na fedha halisi. Mtu na ajaribu miezi sita, akiandika kila pato na kila hasara katika daftari.

Semina ikishindwa hata kipimo kimoja, haistahili nauli ya kuiendea. Ikivishinda vyote, mtu aweza kwenda ajifunze, mradi mume na mke wameshauriana, na fedha itolewayo ni ile ambayo ikipotea hapana mtoto atakayerudishwa kutoka shuleni.

Na yule aliyekwisha kupoteza asijifiche, wala asikope ili kurudisha, maana hasara ya pili huzaliwa na haya ya ile ya kwanza. Na aje kwa ndugu zake aseme. Nasi tusimcheke, bali tumsaidie kuanza tena kwa kidogo kilichobaki.