Elfu tano za akiba: pensheni, Sacco au sera ya elimu?

Kabla ya kuuliza nani anatoa riba nzuri, mwajiriwa wa Wote au Mwingi, Ukambani, aitazame hati yake ya mshahara. Shilingi ya juu kabisa anayolipwa inakatwa kodi kiasi gani? Hapo ndipo atakapojua kama pensheni itampunguzia kodi.

Chukua mfanyakazi wa kampuni binafsi anayelipwa 60,000 kwa mwezi. Kwa sheria za mwaka 2025, NSSF inachukua 3,600, bima ya afya ya SHIF 1,650 na tozo ya nyumba 900. Zote tatu huondolewa kabla ya kodi kuhesabiwa, kwa hiyo zinazotozwa ni 53,850. Viwango vya Julai 2023 vinadai asilimia 10 ya 24,000 za kwanza, 25 ya 8,333 zinazofuata, kisha 30 mpaka ufike 500,000. Ukiondoa nafuu ya 2,400, mamlaka ya kodi, KRA, inachukua kama 8,540.

Amebakiwa na 5,000 za kuweka. Akizipeleka kwenye mpango binafsi wa pensheni uliosajiliwa, kodi yake inashuka kwa 1,500. Kwa hakika zimemtoka 3,500 tu. Akikata sera ya bima ya elimu ya miaka 10 au zaidi, atapata nafuu ya asilimia 15 ya malipo yake, yaani 750. Sacco haimpunguzii kodi hata senti. Mifuko ya soko la fedha (MMF) pia haimpunguzii, na riba yake hukatwa kodi ya asilimia 15.

Tangu 27 Desemba 2024 kikomo cha michango ya pensheni isiyotozwa kodi kilipanda kutoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Wauzaji wa mipango hiyo hutaja kiasi hicho na kunyamaza. Kuna kikomo cha pili, asilimia 30 ya mshahara, na kilicho kidogo ndicho kinachotumika. Huyu wetu ana nafasi ya 18,000, na NSSF imeshakula 3,600. Mwalimu naye akumbuke asilimia 7.5 anayokatwa kwa ajili ya mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma.

Hata hivyo, simshauri ajaze nafasi yote. Ukambani mvua ya kutegemewa ni ile ya Novemba. Ikikosekana, ndengu hazipo, na Januari karo inadaiwa vilevile. Pesa za pensheni zimefungwa, hazitakusaidia mwezi huo. Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, na ndiyo maana watu wetu huanza huko, nao wana sababu nzuri. Kwa mshahara huu ningegawa: 3,000 pensheni, 2,000 Sacco. Bado kodi inapungua kwa 900, na mkopo wa karo unapatikana. Mtu wa miaka 50 ambaye watoto wameshamaliza shule aelemee pensheni, kwani sasa mafao yanayotolewa kwa umri wa kustaafu hayatozwi kodi.

Anayelipwa 25,000 hesabu yake ni nyingine kabisa. Baada ya makato ya lazima, kodi yake ni kama 2,244, na nafuu ya 2,400 inaifuta yote. Akiongeza pensheni atafunga pesa bila kuokoa kodi. Aanze na Sacco. Mfanyabiashara wa maembe au nafaka anayelipa kodi ya mauzo ya asilimia 3 naye asidanganywe: kodi hiyo hutozwa kwenye mauzo ghafi, na mchango wa pensheni haugusi hesabu yake.

Tangu Julai 2025 mwajiri analazimika kisheria kuhesabu nafuu zote unazostahili anapokata kodi. Mpelekee cheti cha mpango wako au cha bima. Ikiwa unalipa mwenyewe nje ya mshahara, tunza risiti na udai kwenye ritani yako ya iTax kabla ya 30 Juni kupita.