SIKU YA UKAGUZI ISITULETEE UGOMVI



Leo tunazungumza juu ya ugomvi unaotokea kwenye shantie za shule na za vituo vya afya: mjenzi anangojea, mkaguzi haonekani, kazi inasimama. Labda utauliza: jambo hilo linatuhusu nini sisi tuliokimbia vijiji vyetu? Linawahusu sana. Vita vinapofukuza watu, mara nyingi ni katika madarasa ndipo familia zinalala kwanza. Baadaye watoto wa wenyeji na watoto wa wakimbizi wa ndani wanabanana katika vyumba vilevile. Shule ikichelewa kumalizika, msongamano unaendelea, na maneno mabaya yanaanza: «Mkaguzi anatuzuia kwa sababu sisi si wa kabila lake.» Hapo shida ya kalenda inageuka kuwa shida ya makabila.

Basi tuelewe kwanza kila mmoja ana haki gani.

Mjenzi ana haraka ya kweli. Mtaro wa msingi ukiachwa wazi wakati wa mvua, unajaa maji na kingo zake zinabomoka. Simenti ikishachanganywa na maji, inaanza kushika ndani ya saa chache. Haiwezi kungojea mpaka kesho. Tena wafanyakazi wake wanalipwa kwa siku, na wengi wao ni wakimbizi wanaotafuta chakula cha jioni.

Mkaguzi naye ana sababu yake. Kazi yake ni kutazama vitu vitakavyofichwa: kina cha msingi, udongo wa chini, unene wa vyuma na jinsi vilivyofungwa. Betoni ikishamwagwa, hataweza kuviona tena bila kuvunja. Akitia sahihi juu ya kitu ambacho hakukiona, amesema uongo. Na huku kwetu ardhi haisamehe. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko lilipasua nyumba nyingi za Bukavu na kuua watu. Mwezi wa Mei 2023 mafuriko yaliua watu zaidi ya 400 huko Kalehe, katika Bushushu na Nyamukubi.

Lakini mkaguzi huyo ana shantie nyingi, mbali mbali. Fikirini programu ya serikali ya teritwari 145, ambayo kazi zake zilikabidhiwa PNUD, BCECO na CFEF: majengo yametawanyika mpaka mahali ambapo gari halifiki. Pikipiki ikikosa mafuta, daraja likikatika au njia ikifungwa na vita, siku ya ukaguzi inapita. Mjenzi anasema: «Anangojea matabishi.» Mkaguzi anasema: «Amemwaga betoni usiku ili afiche wizi.» Mara nyingine ni kweli; mara nyingi ni kukosa kuambiana tu.

Sheria inasema nini? Kitabu cha tatu cha sheria zetu za kiraia, Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema katika kifungu cha 33 kwamba mapatano yaliyofanywa kwa halali ni sheria kwa waliopatana. Maana yake: kilichoandikwa katika mkataba juu ya ukaguzi kinawafunga wote wawili. Sheria hiyohiyo inasema kwamba jengo lililojengwa kwa bei ya mapatano likianguka kwa kasoro ya ujenzi, hata kwa kasoro ya udongo, arshitekte na mjenzi wanabeba daraka kwa miaka 10. Kwa hiyo mjenzi anayeruka ukaguzi anajifungia mzigo mwenyewe.

Tunawashauri mambo matano, yaandikwe kabla ya jembe la kwanza:

1. Hatua zisizoweza kupita bila ukaguzi zitajwe: msingi, nguzo, mkanda wa juu, paa.

2. Mjenzi atoe taarifa kwa maandishi mapema, tuseme siku mbili au tatu mbele. Ujumbe wa simu unafaa, ukinakiliwa katika daftari la shantie.

3. Mkaguzi ajibu kwa kutaja siku na saa. Akizuiwa, aseme mapema, na jina la msaidizi wake lijulikane tangu mwanzo.

4. Iandikwe nini kitafanyika asipokuja. Mkataba usiposema kitu, ukimya wake usihesabiwe kuwa ruhusa.

5. Ipatanwe ni nani atalipa siku ya kungojea, ili mfanyakazi maskini asiibebe peke yake.

Na ninyi wakubwa wa vijiji, wajumbe wa kamati na wawakilishi wa wakimbizi? Si kazi yenu kuamuru betoni imwagwe, wala kupima vyuma. Kazi yenu ni kuomba daftari lisomwe mbele ya watu: taarifa ilitolewa lini, jibu lilikuja lini, nani alifika. Wenyeji na wakimbizi walisikie pamoja. Uvumi unapokutana na tarehe iliyoandikwa, unapoteza nguvu.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Basi juma hili, kama kuna shantie karibu nanyi, ulizeni swali moja kwa upole: daftari liko wapi, na ukaguzi unaofuata ni siku gani? Mkute jibu hilo limeandikwa, nanyi mtakuwa mmeziba ufa mmoja.