Ngozi Inayowasha, Ngozi Isiyohisi

Tafiti zilizofanywa vijijini Tanzania katika miaka ya 1990 zilikuta kati ya robo na theluthi ya wakazi wakiwa na ugonjwa wa ngozi. Mwingi ulikuwa wa kuambukiza: upele, fangasi, majipu, vidonda vya bakteria. Mazingira yanayoyalea magonjwa hayo yapo Katavi kwa wingi. Watoto watatu au wanne hulala kitanda kimoja, bweni hubeba wanafunzi wengi kuliko nafasi yake, maji ya kuoga huchotwa mbali wakati wa kiangazi, na kazi za mkoa, iwe mpunga wa Mpimbwe, tumbaku, uvuvi wa Karema na Ikola au machimbo ya dhahabu, humweka mtu kwenye tope, jua na kemikali kutwa nzima.

Daktari bingwa wa ngozi ni adimu nchini, na walio wengi wako Dar es Salaam na kwenye miji yenye hospitali za kanda. Kwa mgonjwa wa Mpanda hiyo maana yake ni Mbeya, kwa barabara ya Sumbawanga na Tunduma, au Bugando jijini Mwanza kwa njia ya Tabora. Kati ya bingwa na tabibu wa zahanati, hata hivyo, kuna mtaalamu wa tatu ambaye wengi hawamjui. Mwaka 1992 kilifunguliwa kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi katika hospitali ya KCMC, Moshi, ambacho huwachukua matabibu wenye uzoefu kutoka Tanzania na nchi nyingine za Afrika na kuwafundisha magonjwa ya ngozi, ya zinaa na ukoma kwa miaka miwili. Mhitimu wa kozi hiyo si daktari bingwa, lakini kwa magonjwa yaliyotajwa hapo juu hahitaji kuwa bingwa. Kabla ya kukata tiketi ya basi ni vyema kuulizia hospitali ya rufaa ya mkoa kama yupo na ana kliniki siku gani.

Shida ya kwanza katika kutambua ugonjwa ni rangi ya ngozi yenyewe. Vitabu vingi vya tiba vilichorwa na kupigwa picha kwa ngozi nyeupe, ambako uvimbe huonekana mwekundu. Kwenye ngozi nyeusi uvimbe ule ule huwa wa zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu, na mara nyingi hugundulika kwa kupapasa kuliko kwa kutazama. Barbara Leppard, aliyefundisha Moshi, alichapisha mwaka 2002 kitabu cha picha za magonjwa ya ngozi za Waafrika kwa sababu hiyo hiyo. Tofauti nyingine humsumbua mgonjwa zaidi kuliko daktari: kwenye ngozi nyeusi chunusi au mkwaruzo mara nyingi huacha doa jeusi linalodumu kwa miezi. Doa hilo si ugonjwa tena. Hufifia lenyewe, mradi ngozi isisuguliwe wala kuchomwa kwa dawa kali.

Muwasho unaozidi usiku, na unaowapata watu wawili au zaidi katika nyumba moja, ni upele hadi ithibitike vinginevyo. Husababishwa na mdudu mdogo anayechimba ndani ya ngozi, hasa katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kiunoni, makalioni na sehemu za siri. Kwa watoto wachanga hufika hata viganjani, nyayoni na kichwani. Anayeupata kwa mara ya kwanza huanza kuwashwa wiki 4 hadi 6 baada ya kuambukizwa. Katika muda huo wote anawaambukiza wenzake bila kujua, ndiyo maana kumtibu anayejikuna peke yake ni kupoteza dawa. Wote wanaolala nyumba moja hupakwa siku moja, mwili mzima kuanzia shingoni (kwa watoto wachanga, na kichwani pia) hadi kwenye vidole vya miguu, si mahali palipotoka vipele tu. BBE, dawa ya majimaji inayojulikana sana madukani, huachwa mwilini saa 24 na kurudiwa kwa maelekezo ya tabibu, na kwa watoto huzimuliwa. Krimu ya permethrini huachwa saa 8 hadi 14, kisha hurudiwa baada ya wiki moja. Nguo na mashuka hufuliwa na kuanikwa juani. Kisichofulika hufungwa kwenye mfuko kwa siku chache, kwa kuwa mdudu huyu akiwa nje ya mwili wa binadamu haishi zaidi ya siku mbili tatu. Jambo moja lisiposemwa mapema huharibu kazi yote: muwasho huendelea kwa wiki 2 hadi 4 hata baada ya wadudu kufa. Wengi hudhani dawa imeshindwa, wakaipaka kila siku mpaka ngozi ikaungua.

Upele uliopuuzwa hukaribisha bakteria kupitia mikwaruzo ya kucha. Vidonda vya aina hiyo kwa watoto vinaweza kufuatiwa na ugonjwa wa figo: uso kuvimba asubuhi na mkojo kuwa na rangi ya chai.

Fangasi nazo zina kanuni yake. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu, kwa sababu vimelea vimejificha ndani ya shina la unywele ambako krimu haifiki. Mtoto huhitaji vidonge, mara nyingi griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8. Choa cha mwilini, kile chenye umbo la pete, hupona kwa krimu ya fangasi ikiendelezwa wiki mbili baada ya alama kutoweka. Watu wengi huacha siku muwasho unapokwisha.

Hapa ndipo lilipo kosa linaloharibu ngozi nyingi kuliko mdudu au fangasi yeyote: mrija wa dawa mchanganyiko. Katika duka la dawa muhimu mtu akilalamika kuwashwa, mara nyingi hupewa krimu yenye vitu vitatu kwa pamoja, dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali. Steroidi hutuliza uvimbe kwa siku mbili, na mteja huondoka akimsifu muuzaji. Lakini imetuliza kwa kuzuia kinga ya ngozi, na fangasi iliyobaki inasambaa bila kipingamizi. Mrija ukiisha, choa hurudi kikiwa kikubwa zaidi na kimepoteza umbo la pete, kiasi kwamba hata mtaalamu hukitambua kwa shida. Krimu hiyo ikitumika kwa miezi, ngozi hukonda, michirizi ambayo haifutiki hutokea mapajani na kwapani, uso hujaa chunusi. Karibu na jicho inaweza kuleta presha ya jicho. Steroidi si sumu. Kwa pumu ya ngozi, ile ya kurithi inayokausha na kuwasha mikunjo ya viwiko na magoti, ni tiba nzuri sana, ikichaguliwa nguvu yake na kuwekewa muda. Tatizo ni kuitoa kabla ugonjwa haujapewa jina.

Mabaka yaliyopauka huleta hofu kubwa na makosa mengi. Magonjwa matatu huchanganywa. Utangotango ni fangasi: madoa mepesi yenye magamba laini kifuani, shingoni na mgongoni, huongezeka wakati wa joto, na ingawa dawa huua fangasi kwa wiki chache, rangi huchukua miezi kurudi. Mbalanga ni weupe kamili kama wa maziwa, mara nyingi midomoni, mikononi na kuzunguka macho. Mwili wenyewe umeshambulia chembe zinazotengeneza rangi, na ugonjwa hauambukizi kwa kugusana, kula pamoja wala kuoana. Wa tatu ni ukoma. Baka la ukoma limepauka bila kuwa jeupe kabisa, haliwashi, na juu yake hisia imepungua au imekufa. Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine: mgonjwa hufumba macho, baka huguswa kwa ncha ya pamba, naye huonyesha kwa kidole alipoguswa. Asipohisi, anapaswa kufika kituo cha afya wiki hiyo hiyo. Ugonjwa huu hukaa mwilini wastani wa miaka 5, wakati mwingine hata 20, kabla ya kujionyesha, kwa hiyo kumtafuta aliyemwambukiza mtu ni kazi bure. Dawa zake hutolewa bila malipo, kwa miezi 6 au 12, na mgonjwa huacha kuambukiza muda mfupi baada ya kuanza kuzimeza. Kisichorudi ni mshipa wa fahamu uliokwisha kufa. Kwa sababu hiyo baka lisilosumbua linastahili haraka kuliko linalowasha, kinyume kabisa na watu wanavyofanya.

Mkorogo ni suala jingine. Krimu na sabuni za kujichubua zilizopigwa marufuku Tanzania huwa na haidrokwinoni, steroidi kali au zebaki. Udhibiti wa vipodozi ulikuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, kwa sheria ya mwaka 2003, na tangu 2019 uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Katavi ina sababu ya pekee ya kuielewa zebaki: ndiyo wachimbaji wadogo wanayoitumia kunasa dhahabu, na ndiyo inayoonywa kila mara kwamba huharibu figo na mishipa ya fahamu. Ikipakwa usoni huzuia utengenezaji wa rangi, kisha hupenya mwilini na kufanya kazi ile ile, na mtoto anayebebwa na mama aliyejipaka hupata sehemu yake. Anayetaka kuacha mkorogo wa miaka mingi asiuache bila usimamizi, kwani ngozi iliyozoea steroidi huwaka na kuvimba ikinyimwa ghafla. Mtaalamu huipunguza kwa hatua.

Je, mtu mweusi anahitaji krimu ya kuzuia jua? Kwa sababu ya saratani, wengi hawaihitaji. Rangi yenyewe inawakinga. Saratani hatari kwa ngozi nyeusi hujitokeza mahali jua lisipofika: doa jeusi linalokua unyayoni au mstari unaopanuka chini ya ukucha, au kidonda kinachoota juu ya kovu la zamani la moto. Kwa mwenye ualbino jibu ni tofauti kabisa. Madhara ya jua huanza kuonekana angali mtoto, kama magamba makavu usoni, masikioni na mikononi, na yasipotibiwa huweza kugeuka saratani katika umri wa ujana. Kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu na kazi ya shambani kabla ya saa nne asubuhi huzuia zaidi ya krimu yoyote. Krimu nayo ipo: Moshi hutengenezwa Kilisun, iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino na kugawiwa kwao bure kupitia kliniki zinazozunguka mikoani. Kidonda kisichofunga kwa mwezi mmoja kinatakiwa kukatwa kipande na kupimwa, na kikithibitika mapema upasuaji mdogo hukimaliza.

Hali chache hazingoji siku ya kliniki. Malengelenge mwilini pamoja na vidonda mdomoni na machoni, ndani ya wiki chache baada ya kuanza dawa mpya kama Septrini au dawa za kifafa, ni dharura: dawa husimamishwa na mgonjwa hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Mkanda wa jeshi, malengelenge yenye maumivu makali upande mmoja wa mwili, hutibika vizuri ndani ya saa 72, na ukiwa karibu na jicho huhitaji haraka zaidi. Kipimo cha VVU hupendekezwa kwa sababu kinga iliyoshuka huufungulia njia. Warina asali wa Inyonga na wengine wanaoingia misituni wana lao: uvimbe wenye maumivu mahali alipouma mbung'o, ukifuatiwa na homa, huenda ni malale, na aina ya Afrika Mashariki haisubiri miezi. Kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, unaotazamana na Kongo, kuna mpox pia, ambayo Wizara ya Afya ilithibitisha wagonjwa wake wa kwanza nchini Machi 2025. Tetekuwanga, inayofanana nayo, hutoa vipele vya hatua tofauti kwa wakati mmoja. Vya mpox mara nyingi hukua sambamba, hufika viganjani na nyayoni, na mitoki huvimba.

Anayepata nafasi ya kumwona mtaalamu wa ngozi huivuna zaidi kwa maandalizi madogo. Mirija yote iliyokwisha kutumika, na majina ya miti shamba, huletwa bila aibu. Daktari anayejua kilichopakwa hufupisha safari. Asubuhi hiyo ngozi haipakwi mafuta ya mgando wala poda, na rangi ya kucha hufutwa. Kipele kinachotokea na kupotea hupigwa picha kwa simu siku kilipojitokeza. Maswali yatahusu kazi, wanyama, watu wa nyumbani wanaowashwa, na pumu ya kifua katika ukoo, kisha mgonjwa ataombwa kuvua nguo, kwa kuwa jibu la mkono mara nyingi liko mgongoni. Ana haki ya kuwa na msindikizaji. Vipimo vingi ni vyepesi: magamba hukwanguliwa na kutazamwa kwa darubini, na kipande cha ngozi chenye ukubwa wa punje ya mchele huchukuliwa baada ya sindano ya ganzi, na majibu ya maabara husubiriwa kwa siku au wiki kadhaa. Mwenye bima hutakiwa kuwa na barua ya rufaa kutoka ngazi ya chini, na asiyekuwa nayo hurudishwa mapokezi.

Baadhi ya majibu hayafurahishi. Pumu ya ngozi, mbalanga na soriasisi hutulizwa, hazifutwi. Mgonjwa hupewa dawa ya kipindi cha mlipuko na nyingine ya kipindi cha utulivu, pamoja na tarehe ya kurudi. Katika kiangazi cha Mpanda, ya pili mara nyingi ni mafuta ya mgando tu, yanayopakwa dakika chache baada ya kuoga kabla ngozi haijakauka, na sabuni isiyo kali mahali pa sabuni ya unga.